Kipande Kilichopimwa kwenye Bakuli

Mpaka leo sijasahau baba alivyomwomba radhi yule tapeli. Tapeli mwenyewe hanikeri sana. Anayenikera ni baba.

Tapeli huyo alikuja kwetu Nyakasimbi na kipande cha dhahabu cha kutosha kiganjani, akisema kimetoka machimboni Geita. Ili akinunue, baba alishampata mtu wa kumuuzia kibanja chetu, migomba na kahawa yote. Sonara wa Omurushaka alikuwa amekwangua pembeni ya kipande hicho, akaupima ule unga, akasema ni dhahabu kweli. Kwa baba, mjadala ukaisha.

Mimi nina shahada ya fizikia na sina kazi, kwa hiyo nina muda mwingi wa kuwaza. Niliwaza kwamba sonara amepima ganda tu. Nikaazima mizani ndogo ya umeme kwa rafiki yangu wa duka la dawa.

Mgeni aliporudi, mama alimkaribisha kwa kahawa ya kutafuna. Kwetu, mtu akishatafuna kahawa yako haifai kumshuku tena mbele yake. Nililijua hilo. Hata hivyo nikaingia na bakuli la maji.

"Unafanya nini wewe?" baba akauliza.

"Napima, baba. Dhahabu halisi husukuma maji kidogo kuliko madini ya risasi ya uzito uleule."

Mgeni akacheka. "Mzee, msomi wako anataka kuiogesha dhahabu! Mletee na mafuta aipake."

Baba akacheka naye. Kicheko kile sijakisamehe.

Kipande kilikuwa na gramu mia mbili na kumi. Nikaweka bakuli juu ya mizani, nikairudisha kwenye sifuri, nikakining'iniza kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini. Kwa dhahabu, mizani ingesoma kama gramu kumi na moja za maji yaliyosukumwa. Ilisoma kumi na nane na nusu. Nikarudia. Labda uzi, labda kiputo cha hewa, labda betri. Namba ileile.

"Ni risasi, baba. Imevikwa dhahabu juu."

Mgeni hakubisha. Alikifuta kipande chake kwa leso, akainuka. "Mzee, nimetafuna kahawa yako. Sikujua nyumba hii hupima wageni."

Baba akambebea begi hadi barabarani. "Nisamehe, ndugu yangu. Watoto wa siku hizi!"

Jumamosi mnunuzi wa kibanja akaja na kamba ya kupimia. Baba hakumkaribisha hata ndani.

"Siuzi tena. Mwenye dhahabu ameondoka. Huyu hapa ndiye aliyemfukuza."

Mnunuzi akatikisa kichwa, akimhurumia baba. Nikafungua mdomo. Mama akanishika mkono.

"Nyamaza. Twende tukavune maharage."

Nikayang'oa kwa hasira, makavu na mabichi pamoja.

"Hayo bado," mama akasema. "Yaache. Tutayakuta hapahapa."