Abby Anayetuliza Picha Kwenye Kila Simu

Saa nane mchana huko Lanet, pembeni mwa mji wa Nakuru, Abby Wangechi amepanga simu sita mezani kama mtu anayewaandalia wageni sahani. Mwanawe amelala mgongoni, amefungwa kwa leso. Simu moja tu ndiyo yake. Nyingine ameazima kwa majirani.

"Ukinirudishia hiyo ikiwa imechoka, utanilisha chapati hadi Krismasi," Kabiru, fundi wa viatu wa mlango wa pili, anamtania.

Kazi ya Abby ni kutengeneza tovuti. Leo anahangaikia ya Zeddy Jepleting, mama mwenye kitalu cha maua kule Kamere, kando ya Ziwa Naivasha. Meneja wa hoteli moja ameahidi kuitazama kabla ya jioni, aamue nani atampandia bustani.

Kwenye kompyuta ya Abby, picha ya waridi imekaa vizuri kando ya nambari ya Jepleting. Kwenye simu ya Kabiru, yenye kivinjari cha zamani, yaani programu ya kufungulia tovuti, waridi limeteleza likaifunika nambari yote.

"Mathe, akifungua hivi ataona maua lakini wewe hatakupata," Abby anamwambia Jepleting kwa simu.

"Basi litoe hilo ua, mwanangu."

"Hapana. Ua ndilo linalouza. Ngoja kidogo."

Kila kivinjari, anaeleza, huja na nafasi zake za pembeni ambazo hakuna aliyeziomba. Kwanza anazifuta zote hadi sifuri. Kisha anaandika mistari miwili ya CSS, lugha inayopanga sura ya ukurasa, ili picha ipimwe kutoka ukingo wa kisanduku chake, si ukingo wa kioo.

Anafungua upya ukurasa kwenye simu moja moja. Waridi linasogea, linatulia. Kwenye zote limekaa palepale.

Kabiru anainama, ameduwaa. "Na hujaligusa," anasema polepole. "Umeliandikia tu, likasikia."

Abby alisomea haya kwenye madarasa ya jioni mjini Nakuru, akiwa mjamzito. "Mpaka leo picha ikitii, mwili unanisisimka," anasema.

Jua halijatua Jepleting anapiga. "Amenipata, mwanangu. Kesho anakuja kuona miche. Na majirani zangu wawili wanakuulizia."

Jumamosi Abby atampeleka mtoto Kamere, apige picha za kurasa za majirani hao wawili. Hajawahi kufika huko.

"Lile waridi nalijua limekaa wapi kwenye kila simu," anasema, akikaza leso. "Lakini sijawahi kulinusa."