Nilimkata Kuku Kwenye Filamu ya Babu

Ndugu zangu, yule kuku aliyepotea kwenye filamu ya Kasongo, mimi ndiye niliyemwondoa. Si panya, si unyevu, kama nilivyoapa mbele ya watu. Ni mimi, kwa wembe, na akili zangu timamu! Leo nasema yote.

Zamani padri mmoja mpenda mzaha alitengeneza filamu ya kuchekesha na wakulima wa kwetu. Filamu bubu, haina sauti hata kidogo. Ilizungushwa kwenye kumbi za parokia, Kasongo, Nyangwe, mpaka Kabambare. Babu yangu aliigiza mwizi wa kuku, na aliigiza vizuri mno, balaa! Tangu hapo ukoo wetu tunaitwa watu wa kuku. Shuleni kalamu ikipotea, macho yote yalikuwa kwangu.

Miaka hii tukaanzisha kikundi cha wapenzi wa filamu hiyo. Nakala ya mwisho, ile ile iliyokuwa ikionyeshwa ukumbini, ilikuwa Kabambare, nyumbani kwa marehemu aliyeendesha mashine ya sinema. Utepe wake ulikuwa umeanza kunuka siki, na ukinuka hivyo ujue unaoza. Tulitaka kuulaza juu ya kioo chenye taa chini, tupige kila picha kwa kamera, kisha tuziunganishe kwenye kompyuta kabla hazijafa. Mama Rais, mwalimu anayetuongoza, akanituma na pikipiki yangu. Akanipa wembe na skochi ya kunatia, nikikuta mahali pamechanika nipaunge. Akasema hata picha moja isipotee.

Sasa, wakwe zangu wanakaa Wamaza, kwenye njia hiyo hiyo, na walikuwa wamealikwa kuja kuiona filamu. Nami nilipanga kupita kwao na kuku wa zawadi. Nikawaza: mama mkwe leo anapokea kuku wangu, kesho anamwona babu yangu akiiba kuku. Si atauliza huyu wake nimemtoa wapi?

Nikiwa narudi na filamu, aibu ilinishika, nikasimama njiani. Nikafungua kopo lake, nikainua utepe kwenye jua mpaka nikampata babu na kuku wake. Nikakata, nikaunga kwa skochi. Na kwa sababu kamba ya kuku wangu ilikuwa imekatikia kwenye mashimo ya barabara, nikamfunga miguu kwa kipande hicho hicho! Mama mkwe akampokea kwa mikono miwili, nami nikajiona mjanja.

Sikilizeni nilichoharibu. Kwenye filamu, jirani anaenda shamba. Babu anaangalia huku na huku, anaingia nyumbani kwa jirani. Ndani anamtia kuku kwenye shati, kuku anapigana, anakata vifungo, anatorokea dirishani. Kisha babu anatoka mbio, shati wazi, mke wa jirani amemkamata kiunoni, na jirani anakuja na mwiko wa ugali.

Mimi niliondoa ya ndani tu! Ikabaki hivi: mume anaondoka, babu anaingia, babu anatoka shati wazi, mke wa mtu amemng'ang'ania.

Siku ya kuonyesha, ukumbi ulijaa, filamu ikafika pale pa babu. Sauti ya mzee ikatoka nyuma.

“Kuku iko wapi? Mi naona tu bibi ya mutu.”

Wengine wakasema kumbe kuku alikuwa fumbo tu, wazee walituonea haya. Mama mkwe alikaza kitenge chake, akaniangalia kutoka kichwani mpaka miguuni. Mtoto wa nyoka ni nyoka, macho yake yalisema.

Hayo ningeyavumilia. Lakini mbele kabisa alikaa kambo, yaani nyanya yangu, mjane wa babu. Filamu hiyo hakuwahi kuiona, maana enzi zile alikuwa na watoto wachanga mfululizo. Alivaa nguo ya Pasaka kuja kumwona mume wake akitembea tena. Alirudi nyumbani, akageuza picha ya babu ikatazama ukuta. Pembeni ya kaburi la babu alikuwa na nafasi yake, anaifagia mwenyewe. Akaacha kuifagia.

Akaniambia, “Mukinizika, musiniweke karibu na yeye.”

Nilimwambia ni panya, panya walikula kuku. Akaniuliza kwa nini panya hawakula yule mwanamuke. Usiku huo usingizi ulinikimbia.

Nikarudi Wamaza. Kipande changu nikakikuta kimefunga mlango wa banda la kuku. Mama mkwe akasema kamba hiyo iko nguvu, hatoi mpaka nieleze. Nikaeleza yote, nikiwa nimepiga magoti. Alicheka mpaka akatafuta kiti. Akanipa kipande, akasema bwana wa mtoto wake si mwizi, ni mupumbavu, na hilo alilijua siku ya posa.

Mama Rais hakucheka. Alikisafisha kipande kwa pamba, akakipiga picha upya, akanivua kazi ya kugusa filamu. Sasa mimi ni wa kupanga viti.

Tukaonyesha tena. Kuku alitokea amejaa mikwaruzo, kana kwamba mvua inanyesha ndani ya nyumba, lakini ni kuku, mabawa na yote. Kambo aliinama mbele. Babu akahangaika na shati lake, vifungo vikaruka, na kambo akaanza kucheka, kisha akafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

“Njo yeye,” akasema, yaani ndiye mwenyewe. “Mwizi, lakini wa kuku.”

Asubuhi nilimkuta kaburini na ufagio. Mimi watoto wananiita Bwana Wembe, na nimestahili.

Wenzangu, msione haya kwa wazee wenu mkawasahihisha. Ukimkuta babu yako anaiba kwenye filamu ya zamani, mwache aibe mpaka mwisho.