Doa Lililotangazwa Kanisani

Nisomeni hadi mwisho ndipo mcheke. Nafanya kazi kwenye maabara ya migomba hapa Bukoba. Tunatoa protini kwenye majani, tunazitenganisha kwenye jeli hadi zionekane kama madoa, kisha naipiga jeli picha kwa skana. Kompyuta hulinganisha picha ya mgomba mgonjwa na ya ule uliokataa ugonjwa wa mnyauko, na kuonyesha doa lililozidi, ambalo huenda ndilo protini inayoukinga mgomba.

Jeli ya mgonjwa niliipiga picha asubuhi. Ya mzima niliipiga baada ya chakula, mkononi nikiwa na senene wa kukaanga, wale panzi watamu wa kwetu. Msimu ulikuwa umeanza. Mhaya gani husubiri?

Upande wa mzima likazidi doa moja, jeusi, nono. Nikampigia simu mama yangu kijijini Kamachumu: "Mama, nimepata dawa ya mnyauko!" Jumapili akasimama kanisani kumshukuru Mungu, na wakulima wakaanza kuniulizia miche.

Jumatatu nikalionyesha ukutani mbele ya maabara nzima. Nilikuwa nimeshalibatiza jina langu.

"Likuze, mwanangu," akasema mkuu wetu, akivaa miwani.

Nikalikuza kwa madaha. Mimi niliyelitazama siku zote hizo, ndipo nikaona kwamba na lenyewe linanitazama. Kilikuwa kichwa cha senene, na macho yake yote mawili, kilichonidondoka kwenye kioo cha skana.

Mkuu akavua miwani taratibu.

"Hongera. Protini ni protini kweli. Ila hii, Wahaya walishaigundua zamani."