Dawa ya Kiseyeye Kambini Kimulot

Mimi ni mtu wa hasira, na sitaki mnisingizie upole kwa sababu ya mvi. Enzi za Wakoloni, za kuvaa kipande cha kibarua shingoni, mimi na mdogo wangu tulitoka kando ya ziwa kwenda kung'oa visiki kwenye shamba jipya la chai karibu na Kimulot. Tulilishwa posho na maharagwe, kesho posho na maharagwe, mpaka kiseyeye kikaingia kambini. Fizi zilioza. Mdogo wangu alivimba miguu ikawa myeusi, na kovu la panga alilokatwa utotoni likafunguka upya. Nilijua akikosa dawa atakufa.

Akaja daktari Mzungu aliyekuwa akichunguza vyakula na maradhi. Alitupima uzito, akatutoboa vidole, akafyonza damu kwa vijibomba vya kioo na kuondoka nayo. Uvumi wa mumiani ukaenea: damu zetu zinanyweshwa watu. Niliamini kabisa.

Aliporudi alitugawa mafungu mawili. Fungu la mdogo wangu lingekunywa maji ya ndimu yenye sukari guru. Langu lingebaki na posho, ili aone tofauti. Hayo niliyajua baadaye. Siku ile tuliona ndoo tu, na ndani yake kitu chekundu kizito.

Dresa wake, msaidizi wa kufunga vidonda na kugawa dawa, mtu mzima wa Kipsigis, alimshika mdogo wangu kidevu. Mdogo wangu akafumba mdomo, akidhani ni kwinini chungu.

"Kunywa, ndugu yangu, usiogope," dresa akasema. "Hii ni damu. Damu sana!"

Sikungoja. Nilimpiga mdomoni kwa mpini wa jembe, nikasikia meno yakivunjika. Alipoanguka wenzangu walimrukia kwa mateke na mawe, ndoo ikapinduka. Daktari alifyatua bunduki hewani. Nyapara na watu wake wakaingia na viboko, wakachapa yeyote aliyesimama, hata wanawake wajawazito. Mgongo wangu ulichanika na sikuhisi. Nilikuwa nimekalia kifua cha dresa, namkaba koo, na naona aibu kusema kwamba nilifurahi.

Mtoto wa mama mmoja wa Kisii alikuwa akichovya vidole kwenye tope pale ndoo ilipomwagika na kuvilamba. Mama yake akaonja, kisha akapiga kelele.

"Wacheni kuua mtu! Hii ni sukari! Alikuwa anasema tamu, nyinyi wajinga! Hamjui Wakipsigis tamu huitamka damu?"

Mikono yetu ikalegea, lakini ndoo ilikuwa tupu. Mchana ule ule daktari alifunga masanduku yake akaenda zake. Dresa aliachwa kambini kwa sababu hakuweza kusafirishwa.

Baada ya siku chache mdogo wangu hakuweza kumeza hata uji. Nikaenda kwa dresa, nikapiga magoti mbele ya uso ule nilioupasua.

"Nisamehe, ndugu yangu. Nisaidie hata kijiko kimoja cha dawa ile."

Akatoa chini ya blanketi ndimu mbili ambazo mkewe alikuwa amemletea kutoka Roret.

"Chukua," alisema kwa shida. "Kimbia."

Nilikimbia mbio zangu zote, nikamkuta mdogo wangu amekwisha kufa. Nilimkamulia zote mbili mdomoni hivyo hivyo, nikimpiga mashavuni ameze.