Dhamana Yenye Kaburi

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya mikopo, benki moja hapa Babati. Mbele yangu aliketi mama mzee wa kijiji cha Sigino. Daktari amemtaka aishi karibu na hospitali kwa sababu ya presha, kwa hiyo anakopa anunue kijumba Bagara, hapa mjini. Dhamana ni shamba lake.

"Shikamoo mama. Weka dole gumba hapa," alisema afisa mikopo.

Mama alichovya dole kwenye wino, kisha akaliacha hewani. "Mwanangu, nikishindwa kulipa?"

"Shamba linauzwa, mama. Ni utaratibu tu."

"Na Baba Paulo?"

"Huyo ndiye mkopaji mwenza?"

"Ni mume wangu. Tulimzika pale, kando ya migomba."

Afisa alipekua karatasi zake. "Mthamini hakuandika kaburi. Ameandika migomba, kisima na choo."

"Kwa hiyo mtamuuza pamoja na choo?"

Afisa akasema wanunuzi wengi huwa waelewa.

"Ungenunua wewe, ungeniruhusu niingie kupalilia kaburi?"

Afisa akaisogeza karatasi karibu na dole lake.

Simlaumu mthamini. Serikali na benki zimemfundisha kupima kila kilicho juu ya ardhi, na marehemu hawakuwahi kulalamika.

Mama alifumba macho, akabonyeza. Afisa akaiinua karatasi kwenye mwanga, akaigeuza huku na huku.

"Mkono umetetemeka, mama. Alama haisomeki. Naomba urudie."