Ulaya Yangu ya Saa Sita

Nikiri mapema: Ulaya nimekaa saa sita tu, tena ndani ya uwanja wa ndege wa Amsterdam, nikisubiri ndege ya kuja Minneapolis. Lakini Wakenya wenzangu hapa Fridley, kando ya Minneapolis, waliniita mtaalamu wa Ulaya, nami sikuwasahihisha. Mashauri yote niliyaokota kwa mzee mmoja ninayemwogesha kazini, kwenye nyumba ya kutunza wazee, ambaye ametembea sana. Paspoti ivae shingoni, niliwaambia. Kahawa inywe ukiwa umesimama, maana huko hata kiti kinalipiwa.

Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, Wanjiru, rafiki ya mke wangu, alikuja kwetu. Anataka kwenda kwa dada yake Ujerumani, na ameshanyimwa viza mara mbili.

"Shemeji," akaniambia, "nionyeshe yako, nijue ulifanyaje."

Nikasema paspoti iko kazini. Nikaenda dirishani kutazama theluji, nikarudi, nikamwongezea chai ambayo hakuiomba. Nikaanza habari za viatu vinavyofaa kutembelea Ulaya.

"Si iko kwenye droo," akasema mke wangu, ambaye alinifuata huku mwaka mmoja baadaye na huniamini kuliko wote. Kabla sijameza mate, alikuwa ameileta.

Wanjiru akafunua ukurasa mmoja mmoja, kama anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Akafika mwisho. Akarudi mwanzo.

"Viza ni ya Amerika pekee," akasema.

Mke wangu akanigeukia, polepole.

"Na lile kanisa la Roma," akauliza, "ulilosema uliingia ukaniombea?"