Kisanduku cha Muda wa Kumaliza

Kosa langu la kwanza kazini lilikuwa kuandika "saa kumi na mbili jioni" katika kila kisanduku kilichoachwa wazi. Nililifanya wiki ya kwanza, nikasifiwa, na kwa kuwa nilisifiwa niliendelea nalo kwa karibu miaka miwili.

Nilikuwa karani wa safari katika kampuni moja ya Karatu inayopeleka vyakula, vinywaji na mitungi ya gesi kwenye loji na kambi za Ngorongoro. Madereva walikuwa sita. Kila mmoja alitoka asubuhi na karatasi yake ya safari: muda wa kuchukua funguo, muda wa kufika langoni, muda wa kushusha mzigo, na mwisho kabisa, pembeni kulia, muda wa kumaliza kazi. Lango la hifadhi hufungwa saa kumi na mbili jioni. Gari lililochelewa hulala huko huko ndani, maana baada ya hapo barabara ni ya nyati na tembo. Dereva aliyelala ndani alirudi kesho yake na karatasi yenye matope, na mara nyingi kile kisanduku cha mwisho kilikuwa kitupu. Kisanduku kitupu kiliniwasha kama upupu. Nikajiambia: lango limefungwa, gari halitembei, basi kazi imekwisha. Nikaandika saa kumi na mbili.

Sikusomea ukarani. Kidato cha nne nilipata sifuri, jambo ambalo nyumbani kwetu Mbulumbulu halitajwi mbele ya wageni. Kompyuta nilijifunza kwa simu ya dada yangu. Mwandiko nilijifunza kwa kunakili barua za zamani za parokia, herufi kwa herufi, nimekaa juu ya gunia la ngano kwa sababu kiti kilikuwa cha baba. Nilipopewa meza na faili niliapa kwamba hakuna atakayeona kosa langu hata moja. Karatasi zilizorudi zimechafuka nilizinakili upya kwenye fomu safi, kwa wino wa bluu, bila kufuta mahali popote. Zile chafu nilimpa mama wa chai awashie jiko.

Madereva walicheka sana.

"Karani wa mbinguni huyu," alisema mmoja wao. "Siku ya hukumu dhambi zetu zitasomwa kwa mwandiko wake."

"Afadhali," akajibu mwingine. "Angalau zitasomeka."

Mkubwa wao alikuwa mzee wa kijiji cha Qurus, aliyeijua barabara ile tangu haijawekwa lami. Aliniita Profesa. Aliingia ofisini akikung'uta viatu mlangoni, akanisalimu kwa Kiiraqw, lugha ya kwetu, kama mtu wa nyumbani, kisha akaweka juu ya meza mkate wa loji uliofungwa kwenye gazeti. Sikumbuki siku aliyolala ndani ya hifadhi asirudi na mkate huo. Niliula, nikajifuta vidole, nikachukua karatasi yake na kuinakili.

Mwaka jana chama chao cha wafanyakazi kilifunga mkataba mpya na kampuni. Katibu wa tawi, dereva kijana mwenye sauti kubwa, aliusoma uani akiwa amesimama juu ya kreti ya soda. Kungoja langoni ni kazi. Kungoja kupokelewa mzigo ni kazi, na kushusha ni kazi, na kulinda mzigo ni kazi. Ukipita masaa tisa, yanayofuata ni saa za ziada. Ukipita kumi na mawili, huamriwi kuendesha mpaka upumzike, na ukikataa kuendesha kwa sababu hiyo huadhibiwi.

"Hata kungoja ukungu?" aliuliza mzee wa Qurus.

"Hata ukungu, mzee wangu. Hata kungoja mpishi amalize kusuka nywele."

"Basi mimi nina ovataimu ya ukungu ya miaka ishirini na tano," alisema, na uani wote ukacheka.

Katibu alinyanyua karatasi ya safari juu. "Lakini andikeni! Kile kifungu kinakulinda kama masaa yako yameandikwa. Yasipoandikwa, mkataba huu ni wa kufungia maandazi."

Nilikuwa dirishani, nikasikia kila neno. Aibu yangu hasa inaanzia hapo, kwa sababu kabla ya siku ile ningeweza kusema sikujua.

Tangu siku hiyo mzee alianza kuandika. Kisanduku hakikumtosha. Maandishi yake yalitoka nje ya mstari, yakapanda pembeni, yakazunguka ukurasa kama mmea wa maboga unaotafuta jua. Fomu yangu safi ilikuwa na nafasi ya saa moja tu, tarakimu chache, basi. Nilisoma alichoandika. Nisijitetee kwamba sikusoma. Nilisoma chote, kwa sababu siwezi kupita maandishi bila kuyasoma. Kisha nikaandika saa kumi na mbili jioni, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyoingia vizuri, na kwa kuwa ndiyo niliyoandika siku zote, na vinginevyo fomu za mwezi huu zingetofautiana na za mwezi uliopita.

Nimejaribu mara nyingi kueleza sababu hiyo ili isionekane ya kijinga hivyo. Nimeshindwa.

Wakati wa masika mzee alipelekwa na gesi na mboga kwenye loji ya mbali, upande wa pili wa kreta. Hakutoka siku ile. Asubuhi yake nilimsikia meneja kwenye simu, ng'ambo ya ukuta wa mbao, akimwambia ateremke moja kwa moja mpaka Mang'ola akapakie vitunguu. Kisha meneja akasema, "Unasema hujapumzika? Unanikatalia mimi?" Simu ikatupwa mezani.

Mzee alirudi mchana, macho mekundu, akaniachia karatasi na mkate. Nikainakili. Nilijua kuna ugomvi, na bado mkono wangu uliandika kilekile. Nilikwisha kuizoea saa kumi na mbili kama mtu anavyozoea kufunga mlango bila kukumbuka kama ameufunga.

Siku tatu baadaye mzee aliitwa kwenye kikao cha nidhamu kwa kosa la kukaidi amri halali ya mwajiri. Adhabu ya kosa hilo ni kufukuzwa. Alikuwa amebakiza miaka minne astaafu.

Tulikaa stoo, katikati ya kreti. Meneja, katibu wa tawi, mzee akiwa na koti lake la kanisani, na mimi niliyeitwa kuleta faili. Meneja aliweka fomu yangu mezani. Ilikuwa nzuri. Naona aibu kusema kwamba hilo ndilo jambo la kwanza nililoliwaza.

"Saa kumi na mbili jioni amemaliza," alisema meneja. "Nimempigia saa moja asubuhi. Masaa kumi na matatu! Mtoto mchanga halali hivyo. Halafu ananiambia amechoka, mkataba unamlinda."

"Bosi, niliandika," alisema mzee.

"Imeandikwa hapa. Karani, huu ni mwandiko wako?"

"Ndiyo, bosi."

"Karatasi ya dereva mwenyewe iko wapi?" aliuliza katibu.

"Ilichakaa," nilisema.

"Hii nakala ni sahihi?" meneja aliuliza.

Nilikuwa na nafasi. Nilifikiria fomu zote kwenye makabati, za karibu miaka miwili, na jinsi ambavyo zote zingekuwa kosa, moja baada ya nyingine, kwa mwandiko wangu. Nikafikiria pia baba akiambiwa.

"Ni sahihi," nilisema.

Mzee aliniangalia, akasema, "Haya," akayateremsha macho kwenye magoti yake. Katibu akaomba mapumziko ya chai.

Nilikimbilia jikoni nyuma ya ofisi. Mama wa chai alikuwa anapuliza mkaa.

"Mama, zile karatasi nilizokupa juzi, zimebaki?"

"Zipi, mwanangu? Zenye matope?" Alinyanyua kifuniko cha sufuria. "Hizo ndizo zimechemsha chai hii mnayokunywa."

Nilikuwa bado nimesimama pale mzee alipokuja kuchukua kikombe chake. Nilitegemea anitukane. Ningependa sana anitukane. Alikoroga sukari polepole, akanisogelea na kusema kwa sauti ya chini, ili mama asisikie:

"Profesa, mwandiko wangu ulikuwa mbaya sana, eh?"

Sikuelewa.

"Ndiyo maana hukuweza kusoma. Mjukuu wangu ananifundisha herufi, lakini gizani ndani ya gari, na wino wenyewe ulikuwa unakatika." Alijaribu kucheka. "Si kosa lako. Ningeandika kubwa."

Alikuwa amekaa kwenye kile kikao, kazi yake inaondoka mbele ya macho yake, akiamini kwamba yeye ndiye aliyeshindwa kuandika. Na alikuwa amenitafutia sababu, nzuri kuliko yoyote niliyowahi kujitungia. Ningeweza kuichukua. Kwa muda wa pumzi mbili, nikiri, nilifikiria kuichukua.

"Ulisomeka, mzee," nilisema. "Nilisoma yote."

Aliweka kikombe chini kikiwa kimejaa, akatangulia kurudi stoo.

Niliingia nyuma yake na kusema kabla meneja hajakaa. Nilisema nilidanganya. Nilisema karatasi haikuchakaa, niliichoma, na kwamba ninaweza kuisema kwa kichwa. Nikaisema: Funguo saa kumi na mbili asubuhi. Langoni foleni na ukungu mpaka saa nne. Nimefika loji saa nane, mpokeaji hayupo, nimengoja. Nimeanza kushusha saa mbili usiku, peke yangu na askari, nimemaliza saa sita kasoro. Chumba cha baridi kimejaa, mboga zimebaki garini, nimezilinda mpaka asubuhi. Nyati wawili karibu na tairi, sikuweza kushuka kujisaidia.

Katibu alikuwa anaandika haraka. Meneja alipiga simu loji, akaweka spika, akamwomba askari wa usiku ule asome daftari lake la kupokea mizigo. Tulimsikia askari huyo, kijana wa Kimaasai, akisoma taratibu, neno kwa neno: mwisho wa kushusha, saa sita kasoro dakika kumi usiku. Kisha akaongeza bila kuulizwa, "Huyo mzee hakulala. Alikuwa anapiga stori na mimi kupitia dirisha la gari ili asisinzie."

Meneja alikata simu. "Umefanya hivi mara ngapi?" aliniuliza.

"Sijui, bosi. Kila kisanduku."

Shauri la mzee lilifutwa siku ileile. Mimi nilipewa onyo la mwisho kwa maandishi. Sikufukuzwa, na kusema kweli kufukuzwa kungekuwa nafuu, kwa sababu katibu alidai nikae na kila dereva kurudisha masaa yake tangu mkataba uanze, na meneja akakubali. Wiki nzima nilikaa uani kwenye kreti, dereva mmoja baada ya mwingine, mbele ya wenzao. "Karani wa mbinguni amefungua kitabu," walisema, lakini safari hii hakuna aliyecheka kwa raha. Mzee wa Qurus alikuja wa mwisho. Alijibu kila nilichouliza, saa kwa saa, kwa adabu, akaweka sahihi.

Tangu hapo huniita Karani. Hunisalimu kwa Kiswahili. Mkate wa loji humpa mama wa chai, naye huukata na kunipa kipande bila kusema umetoka wapi, nami hukila bila kuuliza.

Sinakili tena karatasi za safari. Zinaingia kwenye faili kama zilivyorudi, na matope yake, na maandishi yanayopanda pembeni. Kisanduku kikiwa wazi, kinakaa wazi mpaka dereva aje akijaze mwenyewe mbele yangu, kwa kalamu yake.